Kulala parokiani njiani kwenda Namugongo

Ndugu, umeuliza kama mtu anayetoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa miguu kwenda Namugongo, karibu na Kampala, kuhiji Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, anaweza kutegemea makanisa kwa malazi. Anaweza, lakini asifike kama mgeni wa ghafla. Omba paroko wako barua ya utambulisho yenye mhuri. Hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango, hasa ukiwa peke yako bila kundi la jimbo. Fika jua halijazama, umtafute paroko au katekista kabla hujatua mzigo popote. Utakachopewa mara nyingi ni sakafu ya ukumbi au darasa, kwa hiyo beba mkeka na shuka zito. Mwisho wa Mei mvua bado ipo na saruji ina baridi kali. Chakula kikija, posho (ugali) na maharage, pokea kwa shukrani, lakini usikihesabu kwenye bajeti. Parokia za vijijini hazina ziada, nanyi mnapita wengi. Asubuhi fagieni mlipolala, mwache sadaka hata kidogo. Ukishavuka Nile pale Jinja, panga vituo mapema: msitu wa Mabira usiuingie jioni.