Moto Ukizimika, Ndipo Kazi ya Boila Inapoanza

Kichwa kidogo cha treni ya mvuke ninachokitunza kinaenea juu ya meza ya kulia chakula. Reli yake ina upana wa inchi 3 na nusu, boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ni ya shaba nyekundu iliyoungwa kwa lehemu ya fedha, na mshale wa geji ya mvuke hauruhusiwi kupita pauni 80 kwa inchi ya mraba. Kilikuwa cha mhandisi mmoja aliyerudi kwao. Mimi ni fundi wa vyuma hapa Katwe, kwa hiyo kuunga na kukata hakukunipa shida. Kilichonipa shida ni maji.

Baba yangu alikuwa muosha boila katika shedi ya Kampala, enzi za Reli ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Tulikulia kota za reli Nsambya, ambako Mluo, Mnyoro na Mkamba waligombana na kupatana kwa Kiswahili, ndiyo maana hata leo nikishika spana naona nafikiri kwa Kiswahili. Alipokiona hiki kichwa kidogo alicheka, akanigongea boila kwa kidole, akasema: “Hii haifi ikikimbia, mwanangu. Inakufa ikilala.” Nilidhani ni utani wa wazee.

Sasa wewe unayeanza, acha kwanza rangi na magurudumu, tuzungumze maji. Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria na si makali sana kwa chokaa. Maji ya kisima kirefu ni habari nyingine. Mara moja nilikipeleka kichwa hiki Tororo kwa sherehe ya ndugu, nikakinywesha maji ya kisima siku mbili mfululizo. Tororo ni mji wa saruji. Mawe ya chokaa yako chini ya miguu yako. Maji yanapogeuka mvuke, chokaa haipandi nayo. Inabaki nyuma na kujipaka kwenye shaba, tabaka juu ya tabaka, kama ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai.

Wiki chache baadaye, nikiwa uani nyumbani, niliwasha moto kama kawaida. Mvuke ukapanda, watoto wa jirani wakapanda pia kwenye ukuta. Kioo cha maji, kile kimrija kinachoonyesha kiwango cha maji ndani ya boila, kikanionyesha nusu, nikaridhika. Baada ya muda nikatazama tena: nusu ileile. Kilichonishtua si kiwango, ni utulivu. Maji ya kwenye kioo cha boila inayochemka hayatulii, yanacheza juu chini kidogo muda wote. Yale yalikuwa yamekaa kimya kama chai iliyosahauliwa mezani. Nikafungua valvu ya chini ya kioo. Badala ya kufoka, lilitoka tone moja la uji mweupe, basi. Tundu la chini lilikuwa limezibwa na chokaa, na nilichokuwa nikikitazama ni maji yaliyofungiwa humo, hayahusiani tena na boila.

Niliuburuta moto wote chini kwa kulabu, nikawafukuza watoto, nikasubiri. Sikutia maji, na wewe usitie: maji baridi yakigusa shaba iliyokauka na kuwa nyekundu kwa moto, yanafoka mvuke kwa mara moja kuliko valvu ya usalama inavyoweza kupumua. Ilipopoa nikapima kwa kijiti. Maji yalibaki upana wa kidole tu juu ya paa la kikasha cha moto. Paa hilo likibaki wazi, hakuna cha kulipoza, na lehemu ya fedha huyeyuka kwenye nyuzi 600 na kitu, joto ambalo makaa yanayopulizwa yanalifikia bila taabu.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuamini kioo napuliza kwanza: nafungua valvu ya chini mvuke ukiwa mdogo, maji yanaondoka, nafunga, natazama. Yakirudi haraka, njia ziko wazi. Yakijivuta kama mgonjwa, siendelei.

Kuhusu maji ya kutumia, mimi natega ya mvua kwenye mabati. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uweke ndoo, kisha uchuje kwa kitambaa. Wengine wanapenda maji ya betri yanayouzwa vituo vya petroli, na ni mazuri kwa kuwa hayana chokaa. Lakini soma chupa! Maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja, wakati mwingine katika chupa zinazofanana. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliniletea asidi, tena kwa furaha, kwamba ameipata kwa bei nzuri. Kusoma chupa ndiko kulikotuokoa.

Chokaa ikishaingia inatolewa kwa asidi ya limau, ule unga mweupe wa watengeneza juisi. Gramu 50 kwa lita moja ya maji vuguvugu zinatosha. Toa kwanza kioo, geji na valvu zote za shaba njano, ziba matundu, jaza boila, halafu sogeza sikio. Utasikia mchirizo mdogo kama soda iliyofunguliwa. Hiyo ni asidi ikila chokaa. Usiwashe moto, na usiiache ilale humo usiku kucha. Mchirizo ukinyamaza, mwaga. Kama maji yametoka na rangi ya bluu-kijani, umeanza kula shaba yenyewe, umechelewa kidogo. Suuza, pitisha maji yenye magadi ya kuokea ili kuua asidi iliyobaki, kisha suuza tena mara tatu. Siki ya jikoni nayo inafanya kazi, ila polepole, na uani kutanuka kachumbari.

Sasa nirudi kwa baba na boila inayolala. Nilikuwa nikimaliza kuendesha nafunga kila kitu na kwenda kula. Boila inapopoa ikiwa imefungwa, mvuke uliomo unarudi kuwa maji na kuacha nafasi tupu, na nafasi hiyo inavuta. Kama mlango wa mvuke wa kwenda silinda haufungi sawasawa, inavuta mafuta kutoka kwenye kilainishi, kile kikopo cha mafuta ya silinda, hadi ndani ya boila. Safari inayofuata maji yanatoka povu, yanarukia silinda, na kichwa kinatema maji machafu kwenye bomba la moshi. Miezi mizima nililaumu pistoni.

Ninavyofanya siku hizi: naburuta moto, naacha geji ishuke hadi karibu pauni 20, nafungua valvu ya tope, ile ya chini ya boila, ikielekea mbali na miguu ya watu. Pauni 80 ni maji ya nyuzi 160 na kitu, si 100, kwa hiyo hata zikishuka hadi 20, usilete mzaha. Tope linatoka na maji, maana bado linaelea. Ukingoja lipoe linaganda. Geji ikigonga sifuri nafungua kizibo cha juu hewa iingie, na joto lililobaki linakausha ndani. Wakati huohuo napitisha brashi kwenye mirija, kwa kuwa majivu ya makaa yakikutana na unyevu hukamata kama saruji. Maji kwenye kilainishi nayamwaga. Basi.

Mara moja kwa mwaka naijaza boila maji mpaka juu kabisa, bila kiputo cha hewa, naisukuma kwa pampu ya mkono hadi pauni 120, mara moja na nusu ya kazi yake, na kuiacha dakika 20 nikitazama maungio kwa tochi. Boila mpya hupimwa mara mbili ya kazi yake. Atakayekuambia upime kwa kompresa ya gereji, mshukuru na uondoke: maji yakipata ufa yanachuruzika, hewa iliyobanwa inarusha vipande.

Vipimo vyote naviandika kwenye daftari la shule la kurasa 96, tarehe, maji niliyotumia, rangi ya tope. Ukurasa wa Tororo una alama nyeupe ya lile tone la uji. Baba aliliona, akauliza kama bado nadhani alikuwa anatania.