Wasiwasi wa udhu

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mtu anayesali kupita kiasi ni mcha Mungu, au anaumwa?" Nalijibu kwa habari za kaka yangu, na amenipa ruhusa.

Alikuwa na miaka 19 yalipoanza. Mama anamwamsha kwa sala ya alfajiri, anaingia kutawadha, jua linachomoza yumo bado. Anaosha mkono mara tatu, anahisi maji hayakufika kwenye kiwiko, anarudia. Akifika miguuni anaona kama udhu umetenguka, basi anaanza upya. Ndoo tatu zinakwisha. Akitoka anasimama kwenye mkeka, anainua mikono, "Allahu Akbar", anaishusha, anaiinua tena, maana nia haikukaa sawa. Siku moja nilimhesabu nikiwa nyuma ya pazia: mara 31. Viganja vilikuwa vimepasuka, vinatoka damu.

Majirani walimsifu. Kijana ameshika dini, walisema, na Bibi naye akafurahi. Lakini ndani ya nyumba ileile alikuwemo Babu, aliyekesha usiku kwa nyuradi, dua za kurudiarudia, na asubuhi akaenda shamba la minazi akiwa mkunjufu, anatutania. Babu ndiye aliyesali sana. Kaka alikuwa hasali kabisa! Sala huanza kwa takbira na huisha kwa salamu, kulia na kushoto. Ya kwake haikufika hata Fatiha, wakati unatoka, anakaa pale mkekani analia. Ndiyo maana kila nikiulizwa siangalii mtu anasali muda gani. Naangalia kama anaweza kumaliza, na akimaliza, anainuka vipi.

Hali hiyo ina jina kongwe, nalo tunalitamka kila siku: wasiwasi. Siku hizi tunaliita hivyo hata tukichelewa basi, ila kwa Kiarabu lilikuwa mnong'ono, ule tunaoombea kinga katika Surat an-Nas, na wanazuoni wamelitumia kwa mambo haya haya ya udhu na nia. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliueleza wasiwasi kuwa miongoni mwa maradhi ya nafsi, yanayohitaji tiba kama mwili unavyohitaji. Wakristo nao wanaujua. Ignatius wa Loyola, mtakatifu aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, alipokuwa Manresa, Hispania, mwaka 1522, aliungama dhambi zilezile tena na tena bila kupata utulivu, hadi akafikiria kujiua.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulimpeleka kwanza kwa mtu wa makombe, anayetibu kwa maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, akampa uradi wa kusoma mara 1,000 kila usiku. Mara 1,000, kwa mtu anayeteswa na kuhesabu! Akisahau alipofika anarudi mwanzo, mpaka kunakucha. Nikiikumbuka miezi ile bado nasikia uchungu, na wa kulaumiwa ni sisi tulioendelea kumlipa.

Aliyetufungua macho ni imamu mzee wa mtaani. Alimwuliza juu ya upepo unaotengua udhu, "Mwanangu, umesikia sauti? Umepata harufu?" Kaka akasema hapana. "Basi udhu wako upo. Mtume alifundisha hivyo, mwenye shaka asitoke kwenye sala kwa sababu ya shaka. Osha, sali, moyo uache ulalamike." Kisha akatwambia wazi tumpeleke hospitali, maana maneno yake peke yake hayatatosha.

Hospitali wakatwambia ni ugonjwa, wanauita OCD, yaani mawazo yanayomng'ang'ania mtu na kumlazimisha kurudia matendo. Alipewa dawa na zoezi: atawadhe kwa kopo moja tu, hofu ikija akae nayo, asirudie. Daktari alisema njia hii ilianzishwa na mwanasaikolojia Victor Meyer huko London, aliyeandika habari zake mwaka 1966. Nilimtazama Kaka, naye akanitazama, kwa kuwa imamu alikwisha kumwambia jambo lilelile.

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza alitetemeka mlangoni mwa bafu, Mama akimshika bega, naye anaomba kopo la pili, Mama anakataa huku machozi yanamtoka. Dawa zilichukua wiki kadhaa kabla hatujaona lolote.

Ramadhani iliyopita alisali tarawehe msikitini, safu ya pili, akatoa salamu pamoja na wenzake. Kopo lake liko bafuni hadi leo, la lita moja, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitumia.