Kastam na meli wapi na wapi?

SWALI: Habari mhariri. Mimi kwetu ni Kamuli ila nafanya kazi Kampala. Binti ya dada yangu anasoma Marekani, kanitumia picha za jengo la zamani la kastam (forodha) kule Newburyport, Massachusetts, anasema siku hizi ni makumbusho ya meli. Nikashangaa, kastam na meli wapi na wapi? Na je, pale Namasagali, bandari yetu ya zamani kwenye Nile, tungeweza kitu kama hicho? Babu yangu alipakia marobota ya pamba pale, kulabu yake bado tunayo nyumbani.
Msomaji, Ntinda

JIBU: Ndugu yangu, kwanza hiyo kulabu usikubali iende kwa watu wa skrapa, tutairudia.

Kastam na meli ni chanda na pete. Zamani mzigo ukishuka melini hauendi popote mpaka upite pale, upimwe, uandikwe, ulipiwe ushuru, kwa hiyo ukitaka kujua bandari iliishi vipi unaanzia hapo hapo. Na Marekani ya wakati ule haikuwa na kodi ya mapato, serikali ilitegemea sana ushuru wa bandarini, ndo maana hawakujenga kibanda, walimpa kazi Robert Mills, yule yule aliyechora mnara wa Washington, na mwaka 1835 jengo likasimama, graniti tupu. Mills alikuwa mtu wa kujenga nyumba zisizoungua, dari zake ni za matao. Angalia vizuri picha za ngazi kama binti kakutumia, kila kidato ni jiwe limechomekwa ukutani upande mmoja tu, chini hakuna nguzo! Biashara ya meli ikapungua, kastam ikahama, jengo likabaki, na 1975 wakalifungua kama makumbusho.

Sasa kwetu. Namasagali ilikuwa mahali mzigo unapotoka kwenye treni kuingia melini. Reli ya Busoga kutoka Jinja ilifika 1912, pale unapanda meli unateremka na Nile unavuka Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port, unashuka unaingia lori hadi Butiaba, halafu Ziwa Albert unalivuka kwa meli nyingine, baadaye ikawepo ile Robert Coryndon, unatokea Pakwach au upande wa Kongo. Pamba ya Teso na Lango ilikuja kwa maji hivyo hivyo mpaka mikononi mwa akina babu yako. Halafu mvua za 1961 na 1962 zikajaza maziwa, gati zikafunikwa, safari zikafa. Baada ya miaka michache majengo ya bandari yakawa shule, Namasagali College.

Kwa maoni yangu shule iliyaokoa, nyumba inayokaliwa haifi haraka. Kwa hiyo msiombe jengo zima, ombeni chumba kimoja, na Jinja si mbali, pale stesheni kuna makumbusho ya reli, nendeni mkaone wenzenu walivyoanza.

Ila wazee wanaondoka. Wewe anza wikiendi hii, ipige picha kulabu, andika jina la babu, alipakia miaka gani, robota moja lilibebwa na watu wangapi, meli gani alizitaja, muulize na bibi kama yupo. Ututumie, ukurasa tunao.