Uzi wa "Msaada wakuu" hauwezi kukufikisha popote Google

Juzi msomaji mmoja wa Kondoa kaniandikia inbox, ana jukwaa la mtandaoni la wafugaji wa kuku, anasema "kaka, watu wanaandika kila siku ila Google hatuonekani kabisa, shida nini?" Nimeona nijibu hapa hapa maana najua mko wengi, na mimi mwenyewe nina langu la moyoni.

Nasimamia jukwaa la wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Wakati naanza, kuna jamaa wa mambo ya matangazo tulikaa nae Area C tunakula chipsi, akasema mbele za watu majukwaa yameshakufa, watu wote wako WhatsApp, niache kuunguza bando. Meza nzima ikacheka. Sijasahau, na sitasahau. Leo ukitafuta habari za unga mweupe kwenye zabibu uzi wetu unaukuta juu, na group lake yeye Google haijui hata kama lipo, maana yanayoandikwa mule ndani mashine haiyasomi.

Sasa huo uzi. Aliuanzisha mkulima wa Hombolo, kichwa cha habari kaweka "Msaada wakuu", basi. Ndani kaeleza vizuri tu, majani yameota kitu kama unga, punje changa zinapasuka. Mzee mmoja wa Mpunguzi akamjibu hiyo ni ubwiri unga, piga salfa asubuhi na mapema, jua likishakuwa kali usiguse, utaunguza majani. Jibu la mtu aliyelima hilo. Ila niambie, nani anaingia Google anaandika "msaada wakuu"? Nikabadilisha kichwa kikawa "Unga mweupe kwenye majani ya zabibu, nitumie dawa gani?" na wala sikugusa kingine, taratibu wageni wakaanza kuingia, tena wengine hawajawahi kuikanyaga Dodoma.

Na Google wenyewe wameelekea huko. Septemba 2022 walianza kuonyesha sehemu maalum ya mijadala na majukwaa, kwa Kiingereza kule Marekani. Desemba mwaka huo huo, kwenye mwongozo wa watu wanaowakagulia ubora wa matokeo, wakaongeza kigezo cha uzoefu, yaani huyu anayeandika hiki kitu kimemkuta kweli au anahadithia tu. Novemba 2023 wakatoa utaratibu wa kuweka alama kwenye kodi ya jukwaa (code, yale maandishi ya kompyuta yanayojenga ukurasa) ili mashine ijue nani kaandika, lini, na nani kamjibu. Februari 2024 wakatangaza mkataba na Reddit, jukwaa kubwa la mijadala la kule Marekani. Halafu mtu anakwambia majukwaa yamekufa! Aende akalale.

Kwahiyo kaka, cha kwanza vichwa vya habari. Cha pili, vichwa vya habari, sitanii. Pita uzi mmoja mmoja, andika lile swali kama mfugaji mwenyewe angeliuliza, "kuku anaharisha kijani" na sio "Ushauri please". Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, ni ya bure, itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika mpaka ukurasa wako ukatokea, soma hayo uache kukisia. Nyuzi za swali moja zikiwa tano ziunganishe, zile za salamu na "nipo online" ziwekee alama ya noindex zisiingie Google, maana mgeni akiingia akakuta uzi mtupu anatoka na harudi.

Vijana wetu shida yenu mnapenda kupanda leo mvune kesho. Mnanunua linki kwa watu msiowajua, mnajaza maneno muhimu kwenye kodi wakati Google walishasema toka 2009 kwamba meta ya keywords, yaani hiyo orodha ya maneno inayofichwa kwenye kodi, hawaiangalii kwenye kupanga matokeo. Pesa hiyo ungemnunulia vocha yule mzee anayejibu maswali usiku wa manane. Waheshimuni wazee wanaojibu, jamani, bila wao mna saiti ya maswali tu.

Na linki za kubeti zinazobandikwa usiku mkiwa mmelala, zifute kila asubuhi kabla hata ya chai. Zile za wanachama wa kawaida ziwekee alama ya ugc, yaani kitu kilichowekwa na watumiaji, Google waliitoa 2019 kwa kazi hiyo hiyo, programu nyingi za majukwaa zinakuwekea zenyewe ukiwasha kwenye mipangilio.