Safari ya Madina ya Utulivu: Ni Ibada au ni Utalii?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi nauza mchele soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Msimu huu Allah amenifungulia, nimenuia kumpeleka mama yangu umra na Madina. Kwa hija ya watu wawili fedha haifiki. Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Nimeletewa ratiba ya siku 3 Madina: Uhud, Quba, Msikiti wa Qibla Mbili, shamba la tende, soko, yote kwa basi, kisha Makka. Mimi nilitaka tukae Madina siku 9, tuswali, tukae, tupumzike, tusikimbizane na mtu. Ndugu mmoja msikitini kaniambia hiyo si ibada bali ni utalii. Mwingine kasema tukikaa huko ni lazima tutimize swala 40 bila kukosa hata moja, la sivyo safari haina maana. Tufanyeje? Na nia yetu iwe ipi?

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu, swali lako limenifurahisha kwa vile umemtanguliza mama. Nianze na hilo neno lililokuchoma, "utalii".

Siku moja Mtume (s.a.w.) aliingia katika msikiti wake, huo huo mnaoutamani, akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, kamba hii ni ya nini? Akaambiwa ni ya Zainab. Akichoka katika swala huishikilia ili asianguke. Akasema ifunguliwe, na kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Angalia ilipotokea. Ni ndani ya Masjid Nabawi, na aliyekatazwa kujitesa ni mke wa Mtume mwenyewe. Sasa mama wa miaka 71 akiswali, akichoka akakaa, akashika tasbihi yake akimswalia Mtume, nani atamwambia kwamba hakuja kufanya ibada? Kukaa msikitini ukingoja swala ni ibada. Kulala mchana ili upate nguvu ya kuamka usiku, ukinuia hivyo, kuna ujira. Utalii ni pale mtu anapokwenda kwa ajili ya kuona na kuonekana, simu juu mkono mzima, swala zikimpita akiwa dukani. Na mtu wa namna hiyo anaweza kuwa ndani ya ratiba ya siku 3 vilevile.

Nakwambia haya kwa sababu yalinipata. Safari yangu ya kwanza nilikwenda na kundi ambalo kiongozi wake alituhesabu kama mizigo. Tuliingia kwenye basi baada ya alfajiri, tukashuka, tukapiga picha, tukapanda tena. Kwenye mlima wa Uhud tulikaa kwa muda usiotosha hata kuwasomea dua mashahidi 70 waliouawa pale mwaka wa 3 Hijria, akiwemo bwana wetu Hamza. Siku ya kuondoka nilikaa kitandani nikajiuliza ni swala ipi nimeiswali Madina moyo wangu ukiwepo. Sikuipata. Safari ya pili nilikwenda na mke wangu, hatukuwa na orodha. Kila Jumatatu na Alhamisi baada ya Asri tulikuwa tunakaa, kila mmoja upande wake, na watu wa Madina wanatandika sufra za plastiki kwa ajili ya wanaofunga. Kijana mdogo alikuja akanivuta mkono, akanikalisha mbele ya tende, mkate, kikombe cha mtindi na kijipakiti cha dukka, viungo vya kusaga wanavyonyunyizia kwenye mtindi. Hakunijua, sikumjua. Mpaka leo nikifungua saumu hapa Mbeya na baridi yetu hii, ladha ya ule mtindi inanirudia.

Kuhusu swala 40. Hadithi ya mwenye kuswali swala 40 katika msikiti wa Mtume bila kupitwa na hata moja, kuandikiwa kuepushwa na moto na unafiki, ameipokea Imam Ahmad kutoka kwa Anas. Wanachuoni wa hadithi wamehitilafiana juu yake, na wengi wameidhoofisha kwa kuwa katika wapokezi wake yumo ambaye hali yake haijulikani. Hata wanaoichukua hawasemi kwamba ni wajibu, wala kwamba asiyetimiza safari yake imeharibika. Ipo nyingine kwa Tirmidhi, ya mwenye kuswali jamaa siku 40 akiidiriki takbira ya kwanza, na hiyo haikufungwa na Madina; unaweza kuifanya kwenye msikiti wa mtaani kwako. Mkikaa siku 9 mnaweza kufikisha 40 bila hata kuhesabu, na mkifikisha, alhamdulillah. Lakini nimewahi kumkuta mzee amekaa kwenye ngazi za hoteli analia kwa sababu alfajiri moja ilimpita akiwa na homa. Iliniuma sana. Mtu amefika kwa Mtume wa rehema, halafu anarudi nyumbani amevunjika moyo kwa jambo ambalo hakulazimishwa.

Na kwa mama yako lipo la kumtuliza zaidi. Ummu Humayd (r.a.) alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba anapenda kuswali pamoja naye. Akamjibu kuwa anajua hilo, lakini swala yake nyumbani kwake ni bora kwake kuliko swala katika msikiti wake Mtume. Ameipokea Imam Ahmad. Basi siku magoti yakikataa, mama akaswali chumbani, asijione amepoteza kitu. Usimburute. Mtume (s.a.w.) alimwona mzee anaongozwa katikati ya wanawe wawili, ameweka nadhiri ya kutembea kwa miguu, akasema Allah hana haja na huyu kuiadhibu nafsi yake, akaamuru apandishwe mnyama. Wewe ndiye hao wana wawili, na kiti cha magurudumu ndiye mnyama wenyewe.

Nia. Mtume (s.a.w.) amesema safari hazifungwi isipokuwa kwenda misikiti mitatu: Masjidul Haram, msikiti wake, na Masjidul Aqsa. Na amesema swala moja katika msikiti wake ni bora kuliko swala 1,000 kwingineko, ila Masjidul Haram. Kwa hiyo nuieni kwenda kuswali katika msikiti wa Mtume, na pamoja nayo kumzuru na kumtolea salamu. Imam Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi, amezikusanya nia hizo mbili, na ukizikusanya umetoka kwenye mabishano ya kama safari inuiwe msikiti au kaburi. Mjue pia kwamba ziara ya Madina ni sunna tukufu lakini si sehemu ya umra. Umra yenyewe kwetu sisi Mashafi ni wajibu mara moja kwa mwenye uwezo, basi hiyo ndiyo ishikwe zaidi. Na kama fedha ni ya mkopo wenye riba, acha; ngoja msimu mwingine.

Ushauri wangu ni kwamba muanze na Madina, Makka baadaye. Mkitua Madina hamna ihramu mwilini, mama anafika amechoka na safari lakini hana tawafu (kuizunguka Kaaba) wala saayi (kwenda baina ya Safa na Marwa) inayomsubiri. Anapumzika, anazoea joto kavu la kule, midomo isipasuke (achukue mafuta, watu wa nyanda za juu tunasahau hilo). Siku ya kwenda Makka mnavaa ihramu na kunuia umra mkiwa Dhul Hulayfa, mahali wanapopaita Abyar Ali, karibu tu na mji. Wakala akupangie hivyo kabla hujalipa, na umwulize hoteli iko umbali gani na milango ya wanawake, siyo umbali na msikiti tu, maana msikiti ule ni mkubwa na ua wake ni mrefu kwa mtu wa magoti. Kama mna uwezo wa treni ya Haramain kwenda Makka ni bora kuliko basi kwa mama. Na huku kwetu, msishuke Dar kwa basi la usiku kisha asubuhi mkapanda ndege. Mteremko wa Kitonga peke yake unamchosha mzee. Ondokeni siku mbili kabla, au mpande ndege Songwe. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo mchanje mapema, cheti chake kinatakiwa.

Kwa kuwa mtakaa zaidi ya siku 4 ukiondoa ya kufika na ya kutoka, kwa madhehebu yetu ninyi ni wakazi: swala mnazikamilisha tangu mnapofika, hakuna kupunguza.

Rawdha, pale baina ya nyumba ya Mtume na mimbari yake, ambapo amesema ni bustani katika mabustani ya Peponi, siku hizi huingii bila kibali. Kinaombwa kwenye programu ya Nusuk katika simu, wanaume na wanawake kila mmoja na wakati wake. Kiombe mapema kwa ajili ya mama, na hakikisha yuko na mwanamke mwenye nguvu wa kumshika, kwa sababu wewe hutaingia naye. Akiingia aswali rakaa mbili nyepesi, aombe kwa Kinyakyusa akitaka, atoke bila kusukumana. Asiguse wala kubusu kuta za kaburi la Mtume. Imam Nawawi amelichukia hilo na kusema adabu ni kusimama mbali kidogo, kama ambavyo mtu angesimama mbele ya Mtume akiwa hai. Na Allah ametuamrisha katika Suratul Hujurat tusipandishe sauti zetu juu ya sauti ya Nabii. Kibali kikikosekana, mama amswalie Mtume popote alipokaa, salamu zake zitafika.

Quba nendeni siku ya Jumamosi, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akienda huko kila Jumamosi, mara kwa miguu na mara amepanda. Mtawadhe hotelini kabisa, kwani fadhila iliyopokewa, ya ujira kama wa umra, ni ya anayejitwahirisha nyumbani kwake kisha akaenda kuswali pale. Nendeni kwa teksi. Siku nyingine Uhud, asubuhi kabla jua halijawaka. Mkipata hizo mbili zinatosha, shamba la tende si lazima.

Jambo moja ambalo wasafiri wetu wengi hawaambiwi. Karibu kila baada ya swala ya faradhi mtasikia tangazo la kuswalia maiti. Wanawake wengi kutoka huku wanakaa tu, hawajui kinachoendelea, wengine wanaanza sunna. Mtume (s.a.w.) amesema anayeswalia jeneza ana ujira wa kirati, na mwenye kulifuata mpaka likazikwa ana kirati mbili, kila moja mfano wa Uhud. Mama ataswalia maiti asiowajua, na mlima wenyewe ameuona kwa macho yake. Ni takbira nne: baada ya ya kwanza Suratul Fatiha, ya pili kumswalia Mtume, ya tatu kumwombea maiti, ya nne dua fupi kisha salamu, na magoti hayapigwi chini hata mara moja. Mlete siku yoyote baada ya Asri, mke wangu atamfundisha pole pole mpaka ashike.