Mwalimu mpya wa sayansi, muulize mtoto anafanya nini akifika nyumbani

Wiki ya kwanza utakabidhiwa rejista yenye majina mengi kuliko utakavyoweza kuyakariri mwezi mzima. Kabla hujatazama alama walizokuja nazo, andika pembeni ya kila jina mambo mawili: mwaka wa kuzaliwa, na kazi zinazomsubiri mtoto akitoka shule. Mimi nilianza kufanya hivyo nikiwa na miaka minne kazini, na wapo niliowahukumu bure kabla ya hapo.

Tangu ada ilipofutwa hapa Tanzania hadi kidato cha nne mwaka 2016, shule zetu za kata zimepokea watoto wa kila namna. Dawati moja utakuta mwenye miaka 13 na mwenye 17. Huyo mkubwa pengine alianza kwa kuchelewa akichunga mifugo, au aliugua, au alikariri darasa. Usidhani ni mzito. Kinachomfunga mdomo ni aibu: ataulizaje swali mbele ya watoto wa rika la mdogo wake?

Nilikuwa na kijana wa miaka 20, kidato cha tatu. Kila siku ya praktiko nilimtuma kuchota maji ya maabara kwa sababu alikuwa na mabavu. Akirudi, wenzake wamekwisha kusoma bureti, lile bomba la kioo lenye koki la kupimia kimiminika. Alipofeli kemia nikasema hajitumi. Hilo linaniuma hadi leo. Muhula uliofuata nikampa bureti aishike mwenyewe, akafungua koki tone kwa tone na kuifunga pale pale rangi ilipobadilika, wakati wenzake wadogo wakipitiliza.

Kuhusu familia, utasikia wakubwa wa kazi wakitaja ripoti ya mwanasosiolojia James Coleman ya mwaka 1966 kule Marekani, iliyoonyesha kwamba hali ya nyumbani ina uzito mkubwa sana katika matokeo ya mwanafunzi. Wengine huitaja ili wakate tamaa. Wewe jiulize nyumbani kunaingia darasani kwa mlango upi.

Mlango mmoja ni muda. Binti anayechota maji, kupika na kulea mdogo wake hana jioni. Nikimpa maswali kumi ya fizikia akafanyie nyumbani, napima idadi ya ndoo alizobeba. Siku hizi mazoezi yanafanyika shuleni, dakika 40 kabla ya kutawanyika. Na usipange praktiko siku ya gulio. Nusu ya darasa iko mnadani na wazazi.

Mlango mwingine ni lugha. Mtoto wa mtumishi wa serikali amesikia Kiingereza sebuleni. Wengine wametoka shule ya msingi na Kiswahili chao, na hata hicho kinahitaji kunyooshwa: mtaani kani, nishati na nguvu zote huitwa nguvu. Tenganisha maneno hayo kwa Kiswahili kwanza, ndipo uyavushe hadi Kiingereza cha sekondari. Utaokoa wiki nyingi.

Lakini nyumbani hakuleti upungufu tu. Mtoto wa mchoma mkaa anajua kwa nini tanuri hufukiwa udongo: hewa ikiingia, kuni zote zinakuwa majivu. Hapo una somo zima la mwako na oksijeni, na mwalimu wake ni yeye. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yasiyochemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Aliyemthibitishia ni rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Miaka sita baadaye, 1969, jambo hilo lilichapishwa katika jarida la fizikia, yeye pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia, na wanasayansi bado wanabishana juu yake.

Wazazi usiwaite kuwasomea alama peke yake. Mwambie mama, hata kama hajui kusoma, kila jioni amwombe mwanawe amweleze jambo moja alilojifunza, kwa lugha ya nyumbani, huku wakiendelea na kazi. Mama mmoja alirudi shuleni wiki iliyofuata. Mwanawe alikuwa amemweleza kwamba mtungi hupoza maji kwa kuwa unatoa jasho na jasho hilo likikauka linaondoka na joto. Sasa yeye alitaka kujua kwa nini ndoo ya plastiki haifanyi hivyo. Nikamwita mtoto atoke darasani, amjibu mama yake mwenyewe.