Geji ya Mafuta Inapodanganya: Maswali ya Wenye Magari ya Zamani

SWALI: Nina Ford Mustang ya 1966. Geji ya mafuta imelala kwenye E siku zote, hata tangi likiwa limejaa pomoni. Geji ya joto inafanya kazi vizuri. Fundi anasema ninunue geji mpya. Nimsikilize?

JIBU: Asubiri kwanza. Mafundi wengi hukimbilia geji kwa sababu ndiyo inayoonekana, na kuifikia ni kufumua nusu ya dashibodi. Ugonjwa wa aina hii mara nyingi uko nyuma, kwenye tangi. Tena umeshajipa dalili nzuri wewe mwenyewe: geji ya joto na ya mafuta katika gari hilo hulishwa na kidhibiti kimoja cha volti. Ya joto ikiwa nzima, kidhibiti ni kizima.

Peleka gari mahali penye hewa, mbali na moto wa aina yoyote. Swichi ikiwa imezimwa, ingia chini ya gari, chomoa waya kwenye sensa ya tangi (ile mafundi wanayoiita floti), halafu unganisha waya huo na chasi, kwenye chuma kilichokwanguliwa kikang'aa. Katikati weka rezista (kipande cha kuzuia umeme kiasi) ya omu 10, wati 5; omu ni kipimo cha ukinzani. Sensa ya gari hilo hutoa takriban omu 73 tangi likiwa tupu na omu 10 likiwa limejaa, kwa hiyo rezista yako inaidanganya geji kwamba tangi limejaa. Ukishafunga kila kitu, mwenzako afungulie swichi na kuangalia mshale. Usitarajie uruke. Ndani ya geji kuna kipande cha metali mbili kinachojikunja kikipata joto, na kinaweza kuchukua nusu dakika kupanda. Wapo wanaoufunga waya kwenye chasi moja kwa moja bila rezista. Inawezekana, lakini zima mara mshale unapofika F, maana umeme unaopita ni mwingi kuliko geji ilivyozoea na kile kipande kinaweza kupinda kisirudi.

Mshale usipopanda, waya wa kutoka mbele umekatika au kweli geji imekufa. Kabla ya kumpa fundi ushindi, fanya jaribio hilohilo pale waya wa sensa unapoingia nyuma ya geji yenyewe. Mshale ukipanda huko, kilichokatika ni waya tu.

Mshale ukipanda ulipojaribia kwenye tangi, geji ni nzima na waya ni mzima. Imebaki sensa na athi yake (njia ya umeme kurudi kwenye chasi), na mimi ningeanza na athi. Zima swichi, rudisha waya mahali pake, halafu funga waya mwingine kutoka kwenye mwili wa sensa hadi kwenye chasi. Fungulia swichi. Geji ikifufuka, umemaliza kazi. Athi hupotea kwa kutu, na hupotea zaidi baada ya tangi kupakwa rangi mpya au kufungwa juu ya mpira: tangi linapendeza, umeme haupiti. Weka waya wa kudumu wa milimita 1.5 za mraba, vichwa vyake vya pete vibane kwenye chuma kitupu, kisha paka grisi juu.

Athi ikiwa nzuri, chomoa tena waya wa sensa, weka malitimita (kipimo cha umeme) kwenye omu, upime kati ya nguzo ya sensa na mwili wake. Ikionyesha mzunguko wazi, yaani umeme haupiti kabisa, waya wa ndani umekatika. Ikibaki kwenye 73 na tangi limejaa, boya limezama au mkono wake umekwama. Hapo huna budi kuitoa sensa. Ondoa waya hasi wa betri, kisha shusha mafuta yote, kwa kuwa sensa ya Mustang iko ubavuni mwa tangi na si juu. Ukiifungua bila kushusha utaoga petroli. Pete ya kufungia igonge kwa kipande cha shaba au mti mgumu. Chuma kwa chuma hutoa cheche.

Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia chakachaka, lina petroli ndani. Usiposikia kitu, lizamishe kwenye maji ya moto yaliyoipuliwa: hewa ya ndani itatanuka na tundu lolote litatoa mapovu, hata lile lisiloonekana kwa macho. Usithubutu kulehemu boya lenye petroli au mvuke wake. Boya jipya ni dogo na ni rahisi kulipachika, sioni sababu ya kuhatarisha vidole.

Boya likiwa zima, sogeza mkono wa sensa polepole huku malitimita ikisoma. Namba ishuke kutoka 73 hadi 10 bila kuruka. Ikiruka, uzi wa ukinzani umelika pale kigusio kinapopita kila siku. Safisha kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme; msasa usiuguse, uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele. Ikiendelea kuruka, badilisha sensa nzima pamoja na gasketi.

SWALI: Land Rover Series III yangu inaonyesha mafuta mengi kuliko yaliyomo, na geji ya joto nayo imepanda, ilhali injini haichemki. Nibadilishe zote mbili?

JIBU: Usibadilishe hata moja. Geji mbili zikidanganya kwa pamoja na kwa upande uleule, mwongo ni yule anayezilisha: stebilaiza nyuma ya dashibodi. Kazi yake ni kuzipa geji wastani wa volti 10 hata betri ikipanda au kushuka. Ndani yake mna kigusio kinachopashwa joto na uzi mdogo. Kikipata moto kinafunguka, kikipoa kinafunga. Uzi huo hupata athi kupitia mwili wa stebilaiza. Athi ikikatika, uzi haupati moto, kigusio hakifunguki kamwe, na geji zinapokea volti zote za gari.

Fungua skrubu yake, kwangua chini yake, rudisha. Unapoirudisha, nguzo za B (umeme wa betri unapoingia) na E (athi) ziwe juu, isilale zaidi ya digrii 20 kutoka wima. Kisha weka taa ndogo ya kujaribia kwenye nguzo ya I (inayokwenda kwenye geji): inatakiwa iwake na kuzimika. Ikiwaka mfululizo, vigusio vimegandana. Malitimita ya kidijitali hapa inachanganya tu, namba zitarukaruka usijue ushike ipi.

Mwenye mkono wa lehemu anaweza kuweka kidhibiti cha kielektroniki namba 7810: mguu wa kuingizia kwa B, wa kutolea kwa I, wa kati kwenye athi, na kibati chake kifungwe kwenye chuma ili kipoe. Weka kapasita ya maikrofaradi 0.33 upande wa kuingilia na 0.1 upande wa kutokea. Hii ni kwa magari yenye athi hasi tu, yaani yale ambayo upande hasi wa betri umefungwa kwenye chasi.

SWALI: Nina Chevrolet ya 1969. Nilinunua sensa ya "magari yote". Sasa tangi likiwa tupu mshale unapita F, na likijaa unarudi chini ya nusu.

JIBU: Hakuna sensa ya magari yote. Geji yako inataka omu 0 kwa tupu na 90 kwa kujaa. Sensa uliyouziwa, kwa dalili hizo, ni ya 240 kwa tupu na 33 kwa kujaa, yaani inakwenda kinyume. Nyingi za kampuni ya VDO ni 10 kwa tupu na 180 kwa kujaa. Ipime katika ncha zote mbili kabla ya kuifunga, na pima pia kina cha tangi, maana mkono mfupi hautafika chini hata omu zikilingana.

Kumbuka pia kwamba kwenye Chevrolet jaribio la kufunga waya kwenye chasi ni kinyume na la Ford: ukiufunga mshale unakwenda E, ukiuacha wazi unapita F. Wengi wametupa geji nzima kwa kutolijua hilo.

Sensa sahihi ikishafungwa, anza na tangi tupu, ongeza lita 5 baada ya 5, ukiandika mshale uliposimama. Ukiona unafika E ilhali zimebaki lita kadhaa, usipinde mkono kuurekebisha. Hiyo ni akiba.

SWALI: Natafuta waya wa umeme wa geji kwenye Volkswagen Beetle ya 1964, siuoni.

JIBU: Haupo. Geji hiyo huvutwa na kebo kutoka kwenye boya. Fungua kifuniko cha sensa juu ya tangi, inua mkono wa boya kwa kidole huku mwenzako akitazama mshale. Ukikwama au ukisogea kwa kushtuka, kebo imekunjika au imekauka. Dondoshea oili nyepesi ndani ya ala yake. Ikiwa imekunjika, weka nyingine.